Barua Tatu za Kuombana Radhi

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na kwa unyenyekevu ambao walimu wangu hawajapata kuuona, natangaza kwamba Jumanne ya wiki ile, saa nne asubuhi, kando ya bomba la maji la uani kwetu, ulizaliwa Umoja wa Mafundi Watatu. Fundi cherehani, dobi na fundi viatu waliketi benchi moja kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Mkunga wa umoja huo ni mimi.

Ijumaa saa tano mkunga alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, na mlangoni pamesimama mgeni.

Lakini nisijizike kabla ya kufa. Kwa aliyekosa Jumapili iliyopita: mimi ndiye yule binti aliyerudishwa nyumbani kutoka bweni kwa wiki tatu, baada ya kushika kipaza sauti cha shule na kutangaza, kwa sauti ya mwalimu mkuu mwenyewe, kwamba mtihani wa hesabu umefutwa na wanafunzi wote wakafue mablanketi. Shuleni wananiita Tangazo. Nyumbani, kwa siku mbili, Mama hakuniita kitu.

Mama ni fundi cherehani. Ukuta wa kushoto wa chumba chake ni wa dobi, wa kulia ni wa fundi viatu. Kuta zenyewe ni nyembamba kiasi kwamba dobi akipiga chafya, Mama hupoteza mshono. Hata hivyo miaka sita ilipita bila kupeana salamu, kisa gauni moja la harusi. Mama alilishona, dobi akalipiga pasi, likaungua kifuani siku moja kabla ya sherehe. Mama akasema pasi ilikuwa ya moto mno. Dobi akasema hakuambiwa ni kitambaa gani. Fundi viatu akaitwa atoe ushahidi, akasema wote wawili wamekosa. Tangu siku hiyo mtaa unamwita Shahidi, na salamu alinyimwa kutoka kuta zote mbili.

Sasa ikaja hoteli mpya ya ghorofa nne. Inataka sare za wafanyakazi arobaini: zishonwe, zifuliwe na kunyooshwa kila wiki, na viatu juu yake. Haitaki kuzunguka kwa mafundi watatu. Inataka mlango mmoja wa kubisha.

Duka kubwa la njia panda lina kila kitu chini ya paa moja. Mama ana cherehani mbili na mkasi. Alishasema kwamba akiikosa kazi hii atafunga chumba, aende akashone vifungo katika lile duka kubwa, kwenye safu, akianza kwa kengele na kuacha kwa kengele. Mama yangu huyuhuyu, ambaye hubishana na mteja mpaka mteja anaomba radhi kwa kuwa na mabega mapana.

Nilimwambia awaendee majirani. Akasema afadhali ale sindano.

Ndipo, kama mnavyokumbuka, nikaandika barua tatu na kuzipenyeza chini ya milango mitatu. Kwa Mama, barua ya radhi kutoka kwa dobi. Kwa dobi, barua ya radhi kutoka kwa Mama. Kwa Shahidi, barua nyingine kutoka kwa dobi. Kuandika radhi ni fani yangu. Kwa miaka mitatu bwenini sikupata kupumzika. Kila barua ilimwita mwenyewe bombani Jumanne saa nne, na kila moja ilimalizika hivi: *Nakuomba usiitaje barua hii mbele za watu, wala mbele yangu, maana aibu niliyo nayo inanitosha.*

Mstari huo niliuona ni wa hekima ya kupita kiasi. Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nateka maji, dobi akaniita kwa kidole. Dobi ni mtu mrefu, mpole, mikono yake imekunjamana kwa sabuni kama ya mtoto mchanga. Ugomvi wa wakubwa haukuwahi kunihusu. Nilimwamkia kila siku, naye aliniitikia.

Akanivuta ndani, katikati ya mashuka yaliyoning'inia, akatoa barua yangu mfukoni. Akaniomba nimsomee.

Nilidhani amesahau miwani. Nikamwambia nitamshikia nguo akaichukue.

"Miwani sina, binti," akasema. "Na hata ningekuwa nayo isingesaidia. Sijui kusoma wala kuandika. Aliyekuwa akinisomea ni mama yako, kabla ya mambo yale. Mtaa huu mzima hakuna mwingine anayejua, na nataka ubaki hivyo hivyo."

Nikatazama ukutani. Nguo za wateja wake hazina karatasi wala majina, zina nyuzi. Uzi mwekundu mafundo mawili, uzi wa kijani fundo moja. Siku zote watu husifu kwamba ule ni ufundi wa kizamani.

Nikamsomea barua yangu mwenyewe. Nilipofika penye *nimejifunza kusikiliza ushauri wako*, akafuta jicho kwa pindo la shuka la mtu.

"Anajua fika sisomi," akasema, "na bado kaniandikia. Huyo ndiye fundi. Hata akiomba radhi lazima akutoe jasho."

Nilicheka naye. Kisha nikatoka nje, na jua likanipiga utosini, nikaelewa nilichofanya.

Mle ndani, upande wa pili wa ukuta, Mama alikuwa na barua ndefu, yenye nukta na mikato, iliyoandikwa na mtu ambaye yeye peke yake mtaa mzima anajua hawezi kuandika hata jina lake.

Nimeula wa chuya.

Nikaingia ndani kama mwizi anayerudisha mali. Mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Hakuinua kichwa. Akaniuliza kama maji yamejaa, nikasema yamejaa, akasema basi nimenye vitunguu. Barua sikuiona popote, nami sikuthubutu kuitafuta.

Usiku kucha nilijiambia kwamba labda aliikanyaga bila kuiona. Labda panya kaila. Jumanne saa nne kasoro dakika tano Mama akavua tepu shingoni, akajifunga kanga safi, akatoka kwenda bombani bila kuniambia neno.

Nilijibanza nyuma ya pipa la maji.

Kuombana radhi kwa watu watatu ambao kila mmoja anaamini ameshaombwa ni kitu cha kutazama. Shahidi alifika kifua mbele, akampa dobi mkono kama mfalme anayesamehe kodi. Dobi naye akaupokea kama mfalme mwingine. Wote wawili wakamtazama Mama kwa huruma. Mama akawatazama kwa jicho ambalo sikulielewa, akaketi katikati.

Hakuna aliyetaja barua. Walizungumza habari ya mvua, ya bei ya gundi, ya bomba linalovuja. Kisha Mama akataja hoteli. Akawaambia wazi kwamba kazi hiyo hawezi peke yake, na kwamba duka la njia panda linaweza. Shahidi akajikuna kidevu, akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Dobi akasema chawa hafui nguo zake.

Wakacheka. Nyuma ya pipa, nami nilicheka, kidogo, kwa kuogopa.

Wakakubaliana kutengeneza seti moja ya mfano: shati, suruali na jozi ya viatu vya mhudumu wa mezani. Mkaguzi wa hoteli angekuja Ijumaa. Akiridhika nayo kazi ni yao, asiporidhika Mama angekuwa kwenye safu ya vifungo mwezi ujao.

Kuanzia hapo chumba chetu kikawa kama jiko la bweni siku ya ukaguzi. Jumanne hiyohiyo alasiri Mama alitandaza kitambaa mezani, akachora kwa chaki, akashika mkasi. Dobi akatokea mlangoni na ndoo.

Akasema kitambaa kile kiloweke kwanza usiku kucha, kikauke, ndipo kikatwe.

Mama akasema ameshona miaka ishirini bila kufundishwa na ndoo.

Dobi akasema kitambaa cha namna ile kikifuliwa mara mbili kinasinyaa, na hoteli itafua kila wiki. Mama akauliza mkasi uko mkononi mwa nani. Shahidi akachungulia kutoka upande wa pili, akaona sura zao, akarudi haraka kwenye viatu vyake. Alikwisha toa ushahidi mara moja maishani, kulimtosha.

Mkasi ukafunguka.

"Lakini fundi," dobi akasema taratibu, akitabasamu kama mtu mwenye siri tamu, "si ulisema mwenyewe umejifunza kusikiliza?"

Niliinamia vifungo nikavihesabu. Vilikuwa saba. Nikavihesabu tena.

"Nilisema wapi?" Mama akauliza.

Dobi akakumbuka sharti la barua. Akakohoa, akasema yaishe, labda ameota.

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, muda wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano tatu. Kisha akaweka mkasi chini, akakata kipande cha shubiri moja, akakiweka katika ndoo.

Asubuhi ya Jumatano kipande kilikuwa kimepungua upana wa nusu kidole. Nusu kidole kwa kila shubiri ni vidole viwili na zaidi kwa kila suruali, mara arobaini: hoteli nzima ingehudumia wageni vifundo vikiwa nje. Mama alikiweka kipande kile juu ya kiganja chake, akakigeuza, akakigeuza tena. Kisha akaenda mlangoni kwa dobi, mwenyewe, akamwuliza ni vitambaa gani vingine vyenye tabia hiyo.

Walikaa huko saa nzima. Kwa kupitia ukuta nilimsikia dobi akimweleza jinsi pasi inavyozungumza na kila uzi, na Mama akiuliza kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. Aliporudi alisema tu kwamba kama mtu angemweleza hayo miaka sita iliyopita kuna bibi harusi angeolewa bila kuvaa shela mpaka kiunoni. Kisha akaongeza, polepole, kwamba labda naye hakuuliza.

Shahidi naye alikuja na lake. Mama alikuwa tayari kupinda suruali, yeye akaja mbio na kiatu mkononi, kisigino kikiwa bado hakijakauka gundi. Akasema pindo lisipigwe kabla ya kisigino kujulikana. Wakamvalisha jirani mmoja mvivu kiatu na suruali, wakamzungusha chumbani kama ng'ombe wa mnada. Mama alipiga pindo, Shahidi akanyoa soli, Mama akashusha pindo, mpaka vikapatana.

Ndugu wasomaji, ilikuwa nzuri ile seti. Ukosi ulisimama kwa wanga bila kukwaruza. Kiatu kiling'aa bila kujionyesha. Nilianza kuamini kwamba uongo wangu umegeuka ukweli wenyewe kwa wenyewe, kama nguo iliyojifua.

Hapo ndipo Mungu huwatazama watu wa aina yangu na kukunja mikono ya shati.

Ijumaa saa tano mkaguzi wa hoteli akasimama mlangoni. Mwanamke mfupi, mwenye faili jeusi kwapani, asiyefanya haraka wala kupoteza muda. Alikuwa ametoka duka la njia panda. Alisema wazi kwamba kazi yao ni safi na hana lawama nayo.

Akachukua shati. Akavuta mshono wa bega mpaka Mama akafumba jicho moja. Akakunja ukosi, akaunusa. Akaipinda soli ya kiatu karibu ikutane na kisigino. Akauliza kama kitambaa kitasinyaa. Dobi na Mama walijibu pamoja, neno lilelile, kisha wakatazamana wakaona haya.

Mkaguzi akaketi. Akafungua faili, akatoa karatasi, akatoa kalamu. Nilimwona Mama akishika ukingo wa meza.

Kisha ile kalamu haikuandika.

"Kazi nimeipenda," mkaguzi akasema. "Nitawaambia kinachonitia wasiwasi. Kabla ya kuja nimeuliza mtaani. Kila mtu ameniambia nyinyi watatu mlikuwa hamsemeshani miaka sita. Duka lile mwenyewe ni mmoja, hawezi kugombana na nafsi yake. Nyinyi mkikorofishana mwezi wa pili, nina wahudumu arobaini bila nguo. Kwa hiyo nijibuni jambo moja. Nani alimwendea mwenzake kwanza, na alisema nini?"

Ni swali la haki kabisa. Katika elimu yangu yote sijapata kuulizwa swali baya kama lile.

Shahidi, kwa ukarimu wa moyo, akanyoosha kidole kwa dobi. Dobi, kwa ukarimu uleule, akakinyoosha kwa Mama.

Mama hakumnyooshea mtu.

Mkaguzi akatazama vidole. Akasema anaona kila mmoja aliendewa, hamwoni aliyekwenda.

"Asione haya, ndugu yangu huyu," Shahidi akasema, akampiga dobi bega. "Unyenyekevu umemzidi. Mimi ahadi naivunja leo, kwa faida yetu sote. Aliniandikia barua, mama mkaguzi. Barua niliyoisoma mara nne. Mwandiko kama wa karani."

Akaitoa mfukoni mwa aproni, ina alama za gundi, akaitandaza juu ya shati jeupe.

Dobi aliitazama ile karatasi. Aliitazama kama mtu anavyotazama kisima alichoangukia mwanawe. Kama angesema si yake, angeulizwa basi mwandiko wake ukoje, na kalamu ipo hapo mezani, imefunguliwa. Kama angesema ni yake, angekuwa ameapa uongo mbele ya mtu aliyekuja kupima ukweli.

Miaka yote ile ya nyuzi na mafundo, na mimi nilikuwa nimemleta mpaka ukingoni kwa sababu ya kupenda mwandiko wangu.

Nilikuwa nyuma, kati ya mabegi ya nguo za wateja. Karibu yangu palikuwa na dirisha la uani, na dirisha lilikuwa wazi. Nalitaja ili mjue kwamba nililiona.

"Si yake," nikasema.

Vichwa vinne vikageuka.

Nikatoka mbele. Nimewahi kusimama mbele ya shule nzima bila kushika ukuta. Mbele ya watu wanne nilihitaji kushika cherehani ya Mama.

"Barua hiyo niliandika mimi. Ya dobi kutoka kwa Mama niliandika mimi. Ya Mama kutoka kwa dobi niliandika mimi. Zote ziko tatu. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Niliwadanganya wote watatu ili wakae benchi moja, na mstari wa kukatazana kuzitaja niliuweka mimi ili nisikamatwe."

Shahidi alicheka peke yake, akaona hakuna anayemsaidia, akaacha. Akaichukua barua yake mezani, akaikunja ndogo, ndogo zaidi, kama mtu aliyegundua kwamba zawadi aliyoionyesha kila mahali ilikuwa ya jirani.

Nikamgeukia Mama. Nilikuwa tayari kwa kofi, kwa machozi, kwa lolote.

"Najua," Mama akasema. "Tangu mstari wa kwanza."

Dobi akainua uso, akamtazama. Wao wawili tu walijua amejuaje, na mimi wa tatu.

"Ulijua," mkaguzi akarudia, "na ukaenda bombani?"

"Nilikuwa natafuta sababu ya kwenda," Mama akasema. "Ya uongo ilikuwa karibu."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Sikuweza kusoma uso wake. Alipoivaa tena alinielekea mimi, na sauti yake haikuwa kali, ndiyo maana niliiogopa zaidi.

"Binti, umeanza kusema kweli, basi imalize. Mama yako aligundua papo hapo. Huyu wa viatu hakugundua, sawa, alifurahi mno. Lakini huyu baba dobi ni jirani yenu, anamjua mama yako siku nyingi. Alipokea barua yenye mwandiko wa mtoto wa shule, na hakuona chochote?"

Uongo ungekuwa mwepesi. Ningesema niliigiza mwandiko wa Mama, ningesema giza, ningesema lolote. Mimi ndiye Tangazo. Lakini ndiyo kwanza nimeanza kusema kweli, na Mama alikuwa ananitazama. Na kweli iliyobaki haikuwa mali yangu niitoe.

"Hakuona," nikasema mwishowe. "Nilimsomea mimi."

"Kwa nini umsomee?"

Nje bomba lilikuwa linadondoka. Nikatazama sakafu. Nikasema hilo siwezi kulijibu, na kama kazi itapotea kwa ajili hiyo basi iandikwe kwamba nimeipoteza mimi.

Nilisikia faili likifungwa.

Kisha kiti kikasogea. Dobi alikuwa amesimama, kichwa chake karibu na dari, mikono yake ile iliyokunjamana imening'inia kama nguo zisizo na mwenyewe. Akalisogeza shati kando, akaivuta kalamu ya mkaguzi mpaka mbele yake.

"Kaa chini, binti," akasema. "Hilo la mwisho ni langu kulijibu."